Suti ya Mkuu

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa jinsi mapindo yake yalivyonyooka. Mumewe alipofariki hakulia sana mbele za watu. Mwaka uliofuata akampokea kaka mkubwa wa marehemu, karani mstaafu, mfupi mwenye tumbo lake, asiye na pa kwenda. Akampa chumba cha nyuma.

Shemeji hakuwa na makuu. Alifagia uani, akachemsha chai, akanyamaza wateja wakiwepo. Ila ukimgusia siasa umekanyaga kaa la moto. Alishikilia kwamba Mkuu, yule aliyewatawala miaka nenda rudi na kuzikwa mchana kweupe mbele ya umati, hakufa.

"Lile jeneza lilikuwa tupu, shemeji. Amejificha, anawatazama wanafiki."

Mama Pindo alimchukia Mkuu kama maradhi. Enzi zake ndipo tingatinga lilipobomoa kibanda chake cha sokoni, cherehani yake ya kwanza ikiwa ndani.

"Ndugu yako ulimzika bila kuuliza swali," alimwambia siku moja. "Huyo ndiye asiyekufa?"

Wakakaa wiki nzima wakisalimiana kwa kukohoa.

Kisha shemeji akaja na kitambaa cha rangi ya majivu. "Nishonee suti."

Mama Pindo akashika futi ampime. Shemeji akarudi nyuma. "Si yangu. Ni ya Mkuu." Akavitaja vipimo kwa kichwa: mtu mrefu, mwembamba, bega la kushoto limeshuka kidogo.

Mama Pindo alitaka kumrushia kitambaa usoni. Lakini marehemu mumewe alizoea kusema, kaka yangu ana wazimu mmoja tu, mwachieni, wengine wana saba. Akashona. Na kazi ni kazi: hakulipua hata mshono mmoja. Shemeji akaitundika suti chumbani kwake, kwenye msumari.

Baada ya siku nyingi, adhuhuri moja shemeji akiwa uani anaanua nguo, Mama Pindo aliingia chumbani kuchukua kikombe. Akaigusa suti kwa mazoea tu ya ufundi, mkono ukasita. Viwiko vilikuwa na makunyanzi. Magoti ya suruali yalikuwa yametuna, kama ya mtu anayekaa sana. Bitana ilikuwa na unyevu makwapani. Na ndani ya koti mlikuwa na joto, lile joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Shemeji asingeweza kuivaa. Suruali ile isingempita hata mapajani.

Akatoka kinyumenyume. Nje jua linawaka, shemeji anakunja shuka.

"Shemeji, nani anavaa ile suti?"

"Mwenyewe," akajibu bila kugeuka. "Anashukuru. Ila bega la kushoto linambana."

Siku hiyo cherehani haikulia. Alifikiria kumfukuza shemeji, akafikiria kuichoma suti. Mwisho hofu ikageuka kuwa hasira. Kama kuna aliyeruhusiwa kurudi, kwa nini awe huyu, wala si mume wake? Hata huko kwenye mauti, Mkuu kawaruka watu kwenye foleni!

Asubuhi akasema, "Lete hilo koti."

Akalitandaza mezani, akafumua bega. Pini zikiwa mdomoni, aliuona mkono wa koti ukijinyoosha polepole, kama wa mteja anayempa fundi nafasi.

"Tulia," akasema, kama anavyowaambia wote.

Mkono ukatulia.

Akamaliza kushona, akamkabidhi shemeji koti. "Mwambie hata akirudi kwa miguu yake, kura yangu hapati. Na kibanda changu sijasamehe."

Shemeji akaliinamia koti, akasikiliza. "Amesikia," akasema. "Hajapenda."

"Asipende."

Mama Pindo alihamisha kitanda chake mbali na ukuta wa chumba kile, lakini hakumfukuza shemeji. Hawakubishana tena kama Mkuu alikufa au hakufa. Walibishana jinsi alivyotawala. Na hapo shemeji, akishafunga kwanza mlango wa chumba chake na kuhakikisha umefungika, alikuwa akikubali moja mawili ya makosa ya Mkuu, kwa kunong'ona.