Shela Lililonukia Wali

Kila ninapochuja mchele unaochemka, yale maji meupe mazito yakimiminika na mvuke ukinipiga usoni, narudi Mbingu, kijijini kwetu, shela kichwani, gauni la dada limenibana mbavuni. Sina hakika kama nakumbuka yote sawasawa. Dada anasema gauni halikunibana. Basi tuseme lilinibana kidogo.

Nyumbani kwetu kitu hakikutupwa. Dumu lililopasuka lilikatwa likawa beseni. Viroba vya mbolea vilishonwa pamoja vikawa turubai la kuanikia mpunga, na kandambili iliyokatika ikawa bawaba ya mlango wa banda. Ukimwambia mama kitu kimekufa, alikigeuzageuza mkononi, akasema, "Hakijafa hiki. Kimechoka tu."

Chandarua chetu cheupe kilipochoka kutukinga na mbu, kilihamia nje kufunika vifaranga, mwewe asiwafikie. Halafu ukafika mwaka wangu wa komunyo ya kwanza. Mashela ya dukani Ifakara hatukuyaweza. Asubuhi moja nikamkuta mama anakifungua chandarua pale bandani.

"Mama, hicho si cha kuku?"

"Kilikuwa cha kuku."

Alikifua kwa sabuni ya mche mpaka maji yakatoka meupe, akakata sehemu zisizotoboka, akazichovya kwenye maji ya mchele ili zikikauka zisimame. Zikasimama kweli. Jioni alitoka na ungo uliofunikwa kanga, akasema anamrudishia Mama Anastazia, jirani yetu. (Jina hilo nimelibadilisha, maana wenyewe wapo na hawana kosa.)

Mimi nilikuwa na hofu moja tu: mtu asilitambue shela langu.

Jumapili tulipangwa wawili wawili nje ya kanisa, nami nikapangwa na Anastazia, mtoto aliyecheza bandani kwetu karibu kila siku. Akanitazama kichwani. Akainama, akatazama tena.

"We Restituta! Hicho si chandarua? Kuku wenu wanalala wapi leo?"

Wasichana wakaangua kicheko. Nadhani hata katekista alicheka, ingawa inawezekana alikuwa anakohoa.

"Langu mama kanunua mjini," Anastazia akaongeza, akijigeuza tulione.

Nilifungua mdomo nimjibu, nikasikia sauti ya mama kutoka kwenye kundi la akina mama. "Restituta. Kimya." Iliniuma. Nimetukanwa mimi, nanyamazishwa mimi!

Ndani kulikuwa na joto. Jasho liliponitoka, shela likaanza kunukia wali, na tumboni sikuwa na kitu. Harufu ilinijia kutoka kichwani kwangu, na nikaisikia pia kutoka upande wa Anastazia. Nikadhani njaa imeniharibia pua. Mungu anisamehe, nilipokea komunyo nikiwaza wali.

Sasa mama anaishi nami hapa Ifakara. Mwezi uliopita nilikuwa nachuja mchele, nikamuuliza, "Mama, hivi siku ile Anastazia naye alinukia wali, au ni pua yangu?"

Mama akaweka mwiko chini. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Akaniambia chandarua kilikuwa kikubwa, kilitoa mashela mawili. Msimu ule mafuriko yalikuwa yamechukua mpunga wote wa Mama Anastazia, naye aliomba jambo moja tu, mwanawe asijue shela lake lilikotoka.

"Ningekuacha ujibu," mama akasema, "mngelinganisha mashela yenu palepale. Mwenzio angebaki na nini?"

Miaka yote nilidhani mama alimwogopa jirani. Na kusema haki, Anastazia hakudanganya. Aliambiwa limenunuliwa mjini, akaamini, kama ambavyo mimi ningeamini.

Hajui mpaka leo. Utani wake umegeuka salamu yetu, kila tukikutana ni huohuo. Juzi aliniona kwa mbali sokoni, akapaza sauti na ndoo ya perege kichwani.

"Restituta! Kuku wenu wanalala wapi siku hizi?"

"Kwenu," nikamjibu.

Akacheka hadi ndoo ikayumba.