Geti la Mbuzi

Mtaani kwetu hapa Bariadi, mtu wa kwanza kulaza gari ni mimi. Anayebisha aje nimwonyeshe. Nilipoanza kujenga, hapa palikuwa na migunga na vichuguu, na barabara yenyewe ilikuwa njia ya mkokoteni wangu wa ng'ombe, nikisomba matofali niliyoyafyatua kwa mikono hii. Magurudumu yalikwenda na kurudi mpaka majani yakakata tamaa ya kuota. Waliokuja baadaye na vyeti vyao walikuta njia, wakapima viwanja pembeni yake. Mimi niliishia darasa la nne, lakini barabara niliichora.

Basi mtaa ulipowekewa lami na mitaro, halmashauri ikatundika kibao: malori yasilale tena mbele ya nyumba za watu. Yakalale yadi, kule karibu na jineri ya kuchambua pamba. Atakayekaidi, tairi litafungwa mnyororo.

Watu walidhani nalilia lori langu, Fuso. Fuso likilala yadi halipungui kitu. Niliyekuwa namfikiria ni baba.

Baba ni mfugaji wa Nkololo. Mama alipofariki, na macho ya baba yakaanza kuingia ukungu, ndugu zangu walibaki na ng'ombe, mimi nikamchukua mzee. Nilimpa chumba cha mbele, chenye dirisha la alumini, feni na kitanda cha mninga. Nyumba yangu ina vigae mpaka jikoni; sijisifu, ipo na watu wanaiona. Baba akakaa juu ya kitanda kile kama mtu anayesubiri basi. Usingizi ukamkataa. Kila jioni aliniuliza neno moja tu: "Wameingia?"

Nilijua anachouliza. Kule nyumbani zizi lilikuwa mbele ya nyumba, ndani ya uzio wa minyaa. Jioni vumbi lilitangulia, zikafuata kengele, ndipo ng'ombe wenyewe wakaja wakisukumana kwa matumbo yaliyojaa. Baba hakugusa ugali mpaka aulize hivyo na mmoja wetu ajibu, "Wameingia wote." Tulilala tukiwasikia wakicheua na kupumua upande wa pili wa ukuta wa udongo, na harufu yao ya maziwa na samadi ikaingia mpaka kwenye mablanketi. Mpaka leo nikipita penye zizi nashusha kioo cha gari. Utingo wangu huziba pua. Mimi navuta.

Mlango wa uzio ule baba aliupima kwa ng'ombe wawili waliofungwa nira, wapite pamoja wasiguse minyaa. Ndivyo walivyopima watu wa kwetu.

Mimi nilipojenga ukuta wangu wa mjini nilipima kwa gari ambalo sikuwa nalo. Nilikuwa naota gari dogo jeusi la kung'aa, nikamwambia fundi aache nafasi ya hilo tu, na juu ya nguzo aweke simba wawili wa saruji. Mtaa mzima hakuna mwingine mwenye simba. Gari dogo sikulinunua, maana niliona lori ndilo litakalonilisha. Siku niliyomleta baba, alipapasa nguzo ya huku, akaenda akapapasa ya kule, akasema, "Ng'wana wane, mtoto wangu, una ng'ombe halafu umejenga geti la mbuzi."

Kwa hiyo Fuso, lisilopita getini, likawa linalala barabarani, limebanana na ukuta, usawa wa dirisha la baba. Jioni moja nilirudi kutoka Mwamanyili na shehena ya mpunga, nikazima injini. Injini ya moto inapopoa hulia. Chuma kinajikunja kidogo kidogo: tik, kimya, tik, tik. Nilipoingia ndani nilimkuta baba ametega sikio dirishani.

"Mwadila," akalisalimu Fuso, kama tunavyosalimiana jioni. Kisha akajinyoosha. Sijamaliza kuvua viatu, anakoroma.

Tangu hapo hakuwa na taabu ya usingizi. Hata siku nisizokuwa na safari nililiwasha, nikalizungusha mpaka sokoni, lirudi na joto. Watu walisema natamba na gari tupu. Nilikuwa natamba pia, sikatai, lakini kazi ilikuwa ile.

Kwenye mkutano wa mtaa nilivaa suti. Nilisimama kabla sijaitwa, nikaanzia kwenye migunga na vichuguu, nikaja kwenye mkokoteni. Afisa wa halmashauri, binti wa makamo ya mwanangu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, nimekuelewa," akasema.

"Mimi si mzee. Mzee yuko nyumbani, na ndiye ninayemsemea."

Watu wakacheka. Nikawaeleza habari za baba na ile sauti ya chuma kinachopoa. Nilitegemea wacheke zaidi; haikuwa hivyo. Wengi wao wametoka vijijini kama mimi, na nadhani kila mmoja alisikia zizi la kwao.

Ndipo jirani yangu akanyoosha mkono. Ni mwenye duka la ng'ambo ya barabara, mtu wa Kondoa, tumetaniana tangu alipofika hapa na furushi la kanga. Nikajua ananitetea.

"Huyu bwana anasema kweli kuhusu baba yake," akasema. "Lakini mkwe wangu aliposhikwa na uchungu, gari la hospitali halikupita pale mbele ya nyumba ya huyu bwana, Fuso limeziba njia. Tulimbeba kwenye kiti mpaka kona. Mwenyewe amekwenda Lamadi kwa basi, ufunguo wa Fuso uko mfukoni mwake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, bosi? Ungeanza kunisimulia ulivyoichora barabara."

Kicheko cha siku hiyo kilisikika mpaka shuleni. Mimi sina mazoea ya kushindwa mbele za watu, lakini nilimwona mkwe wake amekaa nyuma na mtoto mgongoni, nikakaa chini.

"Halmashauri haikatazi gari kulala ndani ya uzio wako," yule binti akasema kwa upole. "Liingize ndani."

"Haliingii."

"Kwa nini?"

Kabla sijajibu, mtu mmoja nyuma akanijibia: "Simba watalitafuna."

Asubuhi sikuita fundi. Nilishika nyundo mwenyewe, na kwa umri wangu, nionyesheni vijana wangapi wangeweza kazi ile. Jirani alivuka barabara na kikombe chake cha kahawa.

"Unaua simba?"

"Nawahamisha."

"Mmoja nipe. Akae dukani alinde sukari."

Nikampa. Yuko pale hadi leo, amewekewa mafagio mgongoni.

Baba alitoka kusikiliza. Akaniagiza niilete ile nira ya mkokoteni wangu wa kwanza, ambayo mke wangu ameshataka kuifanya kuni mara nyingi. Nikailaza chini, nikaweka alama, nikailaza tena mbele yake. Nafasi ya nira mbili. Baba akatembea toka upande mmoja hadi mwingine, fimbo ikigonga mbele, hakugusa kitu. "Hapa sasa," akasema. Bustani ya maua ya mke wangu ilikwenda na ukuta, na hiyo kesi bado inaendelea.

Jioni nililizungusha Fuso mpaka sokoni, nikarudi, nikalipitisha. Nafasi ilibaki kila upande. Nililisimamisha chini ya dirisha, karibu kuliko lilivyowahi kusimama, nikazima.

"Wameingia?" baba akauliza kutoka ndani.

"Wameingia wote."

Akalisalimu. Nikakaa kwenye bampa na suruali yangu yenye vumbi la saruji. Barabarani watu walipita wakiniona, maana geti jipya lilikuwa halijaletwa, wakasema mwadila, nami nikaitikia kama tulivyokuwa tukiwaitikia wapita njia kule Nkololo, tumekaa mbele ya zizi. Chuma kikaendelea kupoa. Nilisubiri kinyamaze chote, na kilipokuwa bado kinalia nikamsikia baba anakoroma.