Kivuko Kilipokuwa Upande wa Garsen

Josiah alikuwa akivuta kamba ya kivuko cha Garsen tangu vita vya Waitaliano, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza maoni yake juu ya jambo lolote. Ng'ombe hawaulizi, na wenye magari hawaulizi vilevile. Kwa hiyo mwaka ule wa hamsini na sita, Bwana Shauri, yule ofisa wa serikali wa wilaya, alipomwita kwenye kikao cha kupanga mbio ndefu, Josiah alivaa koti lake la kanisani akaenda kifua mbele.

Mbio zenyewe zingeanzia mbali huko upande wa Witu, zifuate barabara mpaka mtoni, kisha wakimbiaji wavushwe na kumalizia kwenye bendera mbele ya maduka ya Garsen. Mshindi angepelekwa Mombasa kukimbia na watu wa wilaya nyingine, na kila mtu aliamini kwamba mwenye mbio akifika Mombasa harudi tena. Polisi humchukua, akapewa sare na chumba cha kulala. Josiah alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Buya, na miguu ya Buya ilikuwa habari mpaka Chara. Alichotaka Josiah ni kitu kimoja: mwanawe asije akairithi ile kamba. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imekakamaa hata asiweze kukunja ngumi sawasawa, na asubuhi mkewe Kadii ndiye aliyemfunga vifungo vya shati.

Kikaoni walipanga kila kitu. Mitungi ya maji itawekwa wapi, nani atasimama kwenye njia panda asije mtu akapotelea malishoni, lori gani litafuata nyuma kuokota watakaoanguka. Kikabaki kivuko. Kilikuwa jukwaa la mbao juu ya mapipa, likivutwa na watu wawili kwa kamba iliyofungwa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Wakakubaliana kwamba kivuko kikae upande wa Witu tangu alfajiri, na kila mkimbiaji avushwe palepale anapofika, bila kumngoja mwenzake.

Hapo Josiah akainua mkono. Alisema Wapokomo wenzake wote wana mitumbwi na wafugaji hawana, kwa hiyo siku hiyo mitumbwi yote iletwe upande wa Garsen na ilindwe na askari, asije mtu akavushwa na mjomba wake halafu wengine wakanung'unika. Wazee wa Kisomali waliitikia kwamba hayo ni maneno ya haki. Bwana Shauri akamsifu mbele za watu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusifiwa na serikali, na sifa ile aliirudisha nyumbani kama aliyenunua mbuzi. Kadii aliisikia mpaka akaichoka.

Siku ya mbio mto ulikuwa umejaa kwa mvua za masika, maji mekundu yanakwenda kasi, na mamba hawakuwa na haja ya kutangazwa. Bwana Shauri alikuwa huko nyuma na lori. Josiah na mwenzake Karisa, Mgiriama asiyeongea sana, walikaa na kivuko chao upande wa Witu kama walivyoagizwa, wakitazama barabara.

Mara honi ikalia upande wa Garsen. Mgeni mmoja aliyetoka pwani kuja kutoa zawadi alikuwa amesimama kando ya gari lake, akipunga kofia. Honi ikalia tena, kisha ikalia bila kukoma. Josiah alimtazama Karisa, Karisa akatazama maji. Wakavuta wakaenda.

Mgeni alikuwa mtu mchangamfu, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana ni vigumu kumkatalia mtu mchangamfu. Alitaka kuvuka akawaone wakimbiaji wanavyofika. Josiah akamweleza amri ya Bwana Shauri. Mgeni akacheka, akasema wakimbiaji bado wako mbali, kwa hesabu yoyote ile bado sana. Josiah alikuwa na jibu. Jibu lake lilikuwa kwamba hesabu hiyo ni ya miguu mingine, si ya Buya. Lakini baba atasemaje maneno kama hayo mbele ya mgeni asionekane anajisifia mtoto? Akaona haya, akameza jibu lake, akaweka mbao za kupandishia gari.

Magurudumu ya mbele yalipanda vizuri. La nyuma likateleza nje ya ubao, likazama kwenye tope, na gari likakwama nusu kivukoni na nusu ufukoni. Karisa akaingia topeni mpaka magotini. Josiah akatia bega nyuma ya gari, mikono yote miwili ikishikilia bampa. Ndipo alipoinua macho.

Ng'ambo, pale barabara ya Witu inapotoka vichakani, alikuwa akija mtu mmoja mwenye kaptura ya khaki. Josiah hakuhitaji kutazama mara mbili. Mwendo ule aliujua tangu ulipokuwa wa kutambaa. Buya alifika ukingoni, akatazama pale kivuko kilipotakiwa kuwa, kisha akatazama ng'ambo. Akainua mkono juu. Barabara nyuma yake ilikuwa tupu kabisa.

Josiah aliliachia gari, likarudi nyuma, Karisa akapiga kelele. Akalishika tena. Akamwomba mgeni aje ashike mahali pake kidogo, akamkimbilia askari wa mitumbwi, akamsihi atoe mtumbwi mmoja tu, mkimbiaji yule pale amefika.

Askari alimhurumia, uso wake ulionyesha. "Lakini mzee," akasema, "si wewe mwenyewe uliyesema?"

Josiah akarudi topeni. Walisukuma, wakatia matawi chini ya gurudumu, wakasukuma tena. Ng'ambo Buya alitembeatembea ukingoni, kisha akasimama, kisha akakaa chini. Ukimwona mtu aliyekimbia kiasi kile anakaa chini, ujue miguu imeanza kuganda. Josiah alilijua hilo na hakuweza kumwita, maana mto ulikuwa ukinguruma. Akatokea Hersi, kijana wa Kisomali mchunga ng'ombe. Akatokea mwingine. Gari lilipopanda na kivuko kikafika ng'ambo, walikuwa wamesimama kundi zima, na mgeni alipiga makofi kwa furaha jinsi walivyofika karibu karibu.

Gari lilishuka kwanza. Kisha wakapanda wote, na Josiah akavuta kamba huku mwanawe akiwa nyuma ya mgongo wake, akisugua mapaja. Kilipogusa Garsen waliruka wote pamoja. Buya aliruka akachechemea. Hersi alifika kwenye bendera wa kwanza, Buya wa nne.

Hersi hakuwa mtu mbaya. Lori lilipofika alimwendea Bwana Shauri akamwambia, "Huyu mimi nakuta yeye iko pale, nakaa chini zamani. Mimi hapana shinda huyu." Bwana Shauri alisikiliza kwa adabu, akasema wa kwanza ni anayefika kwenye bendera kwanza. Lori lilimchukua Hersi wiki ileile.

Mvua zilipokwisha Karisa alirudi kwao kulima, na asubuhi moja Buya akaja kivukoni, akaokota kile kipande cha gunia cha kushikia kamba, akakizungusha mikononi. Josiah alitaka kumnyang'anya. Hakujua angempa nini badala yake.

Walivuta mpaka katikati ya mto.

"Nilikuona," Josiah akasema mwishowe. "Siku ile. Nilikuona ulipotokea tu."

"Nilijua umeniona," Buya akasema. "Nilikupungia mkono, baba, hukuitika."

Josiah akakumbuka lile bampa. Akataka kueleza kwamba mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Lakini upande wa Garsen ng'ombe walikuwa wameshafika wanangoja, na mwenye ng'ombe alikuwa akipiga mluzi, kwa hiyo wakaendelea kuvuta.