Mvi za Hawe Kahonzi

Hapa Adu ukitaka kujua nani ni mzee, usitazame kichwa. Vichwa vyetu vyote ni vyeusi. Wazee hupaka piko, ile rangi ya nywele ya pakiti, na hawapaki kwa urembo. Mwenye mvi huitwa mchawi, na aitwaye mchawi hangojwi afe kwa maradhi. Mzee Gona alikutwa amekatwa mapanga katikati ya mahindi yake, na mpaka leo hakuna aliyeona kitu. Kijiji chenye macho makali namna hii, siku ile kilikuwa kimelala.

Tangu Gona azikwe, jirani yangu Hawe Kahonzi, yaani Bibi Kahonzi, hakukosa piko. Alijipaka nyuma ya nyumba, mlango wa ua umefungwa kwa kamba. Ni mjane mwenye shamba zuri, na Ngala, mtoto wa shemeji yake, amelitamani shamba hilo siku nyingi. Mtoto wa Ngala akipata homa, Ngala husema ugonjwa huo si wa bure. Hasemi zaidi.

Ndipo akaja Everlyne, binti kutoka Kikambala, na kamera yake. Hana kampuni wala bosi. Filamu ni yake mwenyewe. Ni hadithi ya msichana anayewachezea watalii hotelini, mpaka siku moja anajiuliza ngoma zile ni za nani, na yeye mwenyewe ni nani. Msichana huyo anamtafuta mama mzee amfundishe mwanzele, ngoma ya kwetu, na mama huyo Everlyne alitaka awe Hawe Kahonzi.

"Shikamoo, hawe," alisema. "Nataka ucheze, na kichwa chako kiwe kama kilivyo."

"Watu wa hapa wataiona?"

"Ni ya huko ng'ambo, hawe. Hapa nani ataionyesha?"

Alikubali kwa sababu aliombwa acheze. Zamani, mwanzele ukipigwa bila Kahonzi, watu walirudi nyumbani mapema. Lakini mchezaji hodari hutazamwa, na baada ya Gona hakutaka kutazamwa. Akaacha piko, akajifunga kilemba hadi usingizini, mvi zikaota, na ncha nyeusi nikamkata mimi kwa mkasi wangu wa shule, maana mimi ni mwalimu. Walimrekodi kule Kilifi, mbali na wanaomjua. Akavaa hando, ile sketi ya marinda mengi, kayamba zikalia, akacheza kichwa wazi bila kugeuka nyuma hata mara moja. Nilisimama pembeni nikalia. Kisha tukarudi Adu, na piko ikarudi kichwani.

Mwaka uliofuata Everlyne alikuja na habari njema. Filamu itaonyeshwa hapa hapa, shuleni kwangu, iwe shukrani yake kwa kijiji. Hawe Kahonzi alikuja kwangu.

"Mwalimu, nitafanyaje?"

"Usiende."

"Nisipokwenda watauliza kwa nini."

Tulikwenda pamoja.

Madirisha ya darasa yalizibwa kwa leso, shuka jeupe likatundikwa ubaoni. Ngala ndiye aliyepanga madawati, akakaa mbele yetu. Watu walicheka walipoona watalii wakikatika viuno. Kisha shuka likajaa kichwa cheupe cha Hawe Kahonzi. Ngala aligeuka. Akamtazama nywele zake nyeusi, akatazama shuka, akamtazama tena. Vidole vya Hawe vilinishika goti mpaka nikaumia.

"Mayo," akasema Ngala, maana kwetu mke wa ami huitwa mama, "lile ni wigi?"

Watu wakashusha pumzi. Kumbe ni mambo ya filamu tu. Mmoja akacheka, wengine wakafuata.

"Ni wigi, mwanangu."

Nilimshukuru Mungu moyoni. Shukrani yangu haikufika mbali. Everlyne, aliyekuwa nyuma na mashine yake, alicheka kwa fahari.

"Wigi wapi, jamani! Ni nywele zake mwenyewe. Tulingoja mpaka zikaota. Si ndiyo, hawe?"

Ningekuwa karibu ningemziba mdomo. Kicheko kilikatika. Kwenye shuka Hawe Kahonzi alikuwa bado anacheza, mabega yakipanda na kushuka kwa raha, na huku chini yeye mwenyewe alikuwa akijitazama. Sijawahi kumwona mtu akijitazama vile. Kisha akaondoa macho kwenye shuka.

"Ndiyo," akasema. "Ni zangu. Nimesema uongo kwa sababu nakuogopa, Ngala."

"Mimi, mayo?"

"Wewe. Na wenzako waliomo humu."

Ngala aligeukia mbele, akatazama filamu mpaka mwisho. Baadaye akarudisha madawati mahali pake, moja moja, bila kumuaga mtu. Sijui kama ile ilikuwa haya au alikuwa akiwaza la kufanya. Nimelifikiria kila siku na bado sijui.

Hawe Kahonzi hapaki tena. Mvi zinaonekana kutoka barabarani. Analala kwangu, na jani likiangukia bati la jikoni sote wawili tunakaa kitako. "Naogopa," huniambia, "lakini sirudi nyuma ya nyumba."

Jumamosi aliniletea pakiti zake za piko zilizobaki.

"Chukua, Mwalimu. Zako zimeanza, hapa nyuma ya sikio."

Mimi ndiye niliyelia siku ile Kilifi. Nilizipokea, na Jumatatu nikaingia darasani na kichwa cheusi.