Mtu Anayeijua Kazi Yangu

Tangazo lilinifikia kwa simu kutoka kwa dada yangu anayekaa Section 58, Nakuru: kampuni moja ya kufungasha mboga huko inatafuta msimamizi wa ubora, maombi yafike kabla ya Ijumaa saa sita. Chini yake dada aliandika, "Siz, hii ni yako. Utakaa na sisi." Binti yangu wa miaka saba anaishi kwake tangu aanze shule. Siku hizi dada ndiye anayeitwa mama, na mimi naitwa mum wa Naivasha. Nilisoma tangazo mara nne nikiwa nimekaa kitandani hapa Karagita, Naivasha, kisha nikazima simu kana kwamba kuna mtu ananichungulia.

Kazi naijua. Miaka tisa nimepanga waridi katika shamba moja la maua kando ya ziwa, hadi macho yangu yanapima urefu wa shina bila rula. Lakini fomu ilitaka watu wawili wanaoijua kazi yangu, na nambari zao. Pasta alikuwa mmoja. Wa pili ndiye aliyekuwa taabu. Nikimwandika msimamizi wangu atapigiwa simu, na hapa kwetu ukijulikana unatafuta kwingine, mkataba ukiisha ndiyo basi. Hilo nalijua vizuri, kwa sababu kuna mwanamke aliyepoteza kazi hivyo, na mdomo uliomponza ni wangu.

Mimi naye tulikuwa meza moja. Mtu wa Subukia, ndiye aliyenifundisha kushika waridi bila kuchomwa na miiba. Asubuhi moja, miaka minne iliyopita, hakuja. Aliomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki, na ni mimi peke yangu niliyeambiwa ukweli, kwamba ameitwa mahojiano katika shamba la ng'ambo ya ziwa.

Sasa, pale kazini tuna desturi ya kusimama duara na kuomba kabla ya kushika visu. Tunapeana zamu, na siku hiyo ilikuwa yangu. Nilisifika kwa maombi. Sikuwa mtu wa kumwambia Mungu mambo kwa jumla jumla. Nilimtaja kila mtu na haja yake. Nikawataja wagonjwa, nikawataja waliofiwa, nikapandwa na joto, na hapo nikasikia sauti yangu ikisema, "Na dada yetu aliye kwenye intavyuu saa hii, Baba, mtangulie! Mpe kibali mbele ya wanaomhoji!" Nikamtaja kwa jina. Wote wakaitikia amina, msimamizi naye akaitikia. Tulipofumbua macho alikuwa ananitazama, kwa upole kabisa.

Mwenzangu alirudi saa nane mchana, kadi ya kliniki mkononi, amejiandaa na uongo wake mdogo. Kutoka mlangoni hadi mezani nilikuwa na nafasi ya kumwonya. Niliinamisha kichwa nikaendelea kukata mashina. Aliitwa ofisini, na alipotoka alichukua gambuti zake akapita nyuma yangu. Ile kazi nyingine pia hakuipata. Wale wa ng'ambo walipiga simu kwetu kumuulizia, na sijui waliambiwa nini. Akarudi kwao na mtoto wake.

Tangu hapo hajaniacha. Nikifumba macho kwenye duara namsikia akipumua nyuma ya bega langu. Mwanamke yeyote akiingia chumba cha baridi na kitambaa cha samawati kichwani kama chake, nainamisha kichwa. Zamu yangu ikifika nasema Baba Yetu tu, basi. Watu wanadhani nimepoa kiroho, na mimi nawaacha wadhani. Ukweli ni kwamba naona aibu, na woga.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, nilienda nyuma ya matangi ya maji nikampigia. Niliomba nambari iwe imekufa. Alishika mara moja.

"Haiya. Ni wewe?"

"Ni mimi. Habari ya Subukia?"

"Ng'ombe wako sawa, mahindi imekauka. Sema."

Nilimwambia yote: tangazo, mtoto, ile asubuhi. "Nilikuwa nakuombea tu," nikasema, nikaanza kulia kama mjinga.

Nilisikia ndoo ikigonga mahali. "Hiyo ya maombi niliambiwa siku hiyo hiyo," akasema. "Hiyo nilikusamehe kitambo. But uliniona nikiingia na kadi. Uliniona."

"Nilikuona."

"So unataka nini?"

"Wanataka mtu anajua kazi yangu. Sina mwingine."

Nilidhani atakata simu. Akacheka, kicheko kifupi kikavu. "Niweke," akasema. "Wakinipigia nitawaambia ukweli. Yote."

Nilimwandika. Fomu niliituma Ijumaa asubuhi, na leo ni wiki ya tatu. Jana binti yangu aliniuliza kama nikija nitakuwa nimekuja kukaa au kutembea tu, nikamuuliza kama amekula. Nambari ngeni ikiita napokea mara moja. Natamani wawe hawajampigia. Halafu, kabla sijasema hello, natamani wawe wamempigia, ili mtu mwingine naye ajue nilichofanya.