Jembe la Nyumba Yetu

Miaka ile ya tisini mlima wetu ulikuwa na watu. Shamba langu liko mteremko mkali, hata mbuzi anapanda akipumzika. Bila matuta, mvua moja ya Oktoba inabeba udongo wote inapeleka mtoni. Kwa hivyo wanawake tulikuwa na mwethya: leo tunachimba kwako, kesho kwangu, tukiimba, na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, inachemka kando. Sheria ilikuwa moja. Kila nyumba ilete mtu wake na jembe. Usipoleta, zamu yako inarukwa.

Kuimba huko ndiko ninakokukosa zaidi. Siku hizi huku juu ni ndege tu.

Mwaka mmoja goti langu lilivimba, nikashindwa kushika jembe. Mume wangu alikuwa amefariki, wasichana wameolewa mbali, na kijana wangu alikuwa na kazi ya kiwanda Athi River. Tuta la juu lilikuwa limepasuka katikati na mawingu yameanza kukaa. Likienda hilo, ya chini yote yanafuata, na chakula cha mwaka mzima kinaenda nayo.

Kijana akatuma salamu kwamba ataandika kibarua. Mwenyekiti wetu, mama asiye na mchezo, akakataa.

"Kibarua akimaliza kwako anaenda zake. Kwetu atachimba nani?"

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nikamwambia kijana aje mwenyewe.

Alikuja Jumamosi, viatu vinang'aa. "Mwaitu," akaniita, yaani mama, "hawa akina mama wote wamekuja kunitazama?"

"Wamekuja kuchimba. Vua viatu."

Akaanza kwa nguvu, lakini udongo akautupa chini, kwa sababu chini ni rahisi. Matuta yetu unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, ndio ukingo ujengeke. Alikuwa ameshasahau. Nyanya mmoja jirani, ambaye kwa utani huita wajukuu wote waume zake, akasimamisha jembe.

"Mume wangu, huo udongo unautuma Athi River ukakungojee kazini?"

Wakacheka mpaka wimbo ukakatika. Yeye pia akacheka, akageuka, akaanza kutupa juu. Kufika saa sita mikono ilikuwa imetoka malengelenge. Hakuna aliyempa pole. Walimpa muthokoi, sahani mbili.

Jioni tuta lilikuwa limezibwa. Kijana akanawa, akatafuta viatu vyake, akidhani amemaliza.

"Jumamosi ijayo ni kwangu," mwenyekiti akamwambia. "Uje mapema."

Akanitazama. Mimi nikaendelea kuosha sufuria.

Alikuja. Alikuja kila Jumamosi, nyumba hadi nyumba, mpaka mvua ikaanguka. Maji yalisimama kwenye mtaro, yakanywewa polepole na ardhi, hayakuteremka. Msimu huo hatukununua unga, na baada ya mavuno kijana alirudi kiwandani na gunia la mahindi yetu begani.