Uzi Mweupe wa Nkambo

Nakumbuka Jumatano moja niliposema koo linaniuma, na koo lilikuwa zima kabisa. Mwanangu, nisamehe kwa kukuita hivyo. Nina miaka ishirini na mbili tu, na anayeniita hivyo mimi ni nkambo, nyanya yangu. Lakini nasaha hii ni yake. Nimeiazima pamoja na neno lake.

Nilipoingia mwaka wa kwanza wa Kihispania hapa chuoni Lubumbashi, nilikuwa nimejifunza peke yangu kwa miaka miwili, kwa simu na kwa kitabu cha zamani kisicho na jalada. Aliyejifunza peke yake ana kiburi na ana hofu, na vyote viwili hulala kitanda kimoja. Kila Jumatano alasiri, Yaya Clarisse, dada wa mwaka wa tatu, alitukusanya sisi wageni ili atusaidie. Alitutaka jambo moja: tuje na insha fupi tulizoandika nyumbani, jinsi zilivyo.

Mimi sikuweza "jinsi zilivyo". Niliandika, nikalinganisha na kitabu, nikachukua humo sentensi nzima nzima, nikanakili upya kwa wino wa buluu. Herufi moja ikipinda, ukurasa wote niliuchana. Yaya Clarisse akifungua daftari langu hakuona cha kusahihisha. Aliweka alama ya vema, akageukia daftari la Trésor, ambalo lilirudi jekundu kama udongo wa barabara zetu.

"Madame Dictionnaire," yaani Bibi Kamusi, Trésor alinitania, "utuachie hata kosa moja, na siye tukule!"

Nilijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba nililala na furaha ya jina hilo.

Kisha ikaja Jumatano yenyewe. Zilibaki wiki tatu kabla ya mtihani wa kuzungumza, na Yaya akataka kila mmoja asimulie mtaa wake bila karatasi. Trésor alijikwaa, akarudi nyuma, tukamcheka, akacheka na yeye, akafika mwisho. Zamu yangu ilipofika nilifungua kinywa, nikakuta kila sentensi niliyoijua ni ya kitabu, na kitabu kile hakijawahi kukanyaga Kenya, si nchi ile bali commune, tarafa yetu ya mjini, na masoko yake na kelele za mapikipiki. Nikashika koo. Nikaomba ruhusa.

Ujue kilichokuwa mbele yangu. Baba alikubali Kihispania kwa mwaka mmoja tu. Nikianguka, ningeenda kusaidia kwenye depo ya mjomba, ghala lake la bidhaa, na habari za chuo zingeishia hapo.

Jumamosi nilikuwa kwa nkambo. Ni fundi wa nguo. Alianza kushona babu alipokuwa bado anafanya kazi kwenye reli, na hadi leo hashindwi kutunga uzi bila miwani. Mama Béa, jirani, alikuwa anajaribu libaya yake ya harusi. Blauzi yenyewe ilishikiliwa na ule uzi mweupe wa muda, mishono mirefu inayoonekana kutoka mbali, na mkono mmoja haukuwepo.

"Eh, mama! Ku ndoa nitaenda na mukono moja?"

"Simama muzuri," nkambo alimjibu, pini zikiwa mdomoni. "Nguo ya kujaribu haipigwaka pasi."

Mama Béa alipoondoka, nkambo, aliyekuwa amesikia nyumbani habari za koo langu, aliniuliza, "Na koo?"

Nilimwambia yote. Nilimwambia pia kwamba nitamweleza Baba mwenyewe kuwa naacha, kabla mtihani haujaniaibisha. Alinyoosha mkono, akataka daftari. Kihispania hakijui, lakini alilifungua ukurasa kwa ukurasa kama anayekagua pindo.

"Hii yote ni pasi tu. Uzi mweupe iko wapi?"

"Uzi gani, nkambo?"

"Yenye ulishona mbele ya kufumua."

Nikatazama mbabula, jiko lake la makaa la kupikia bukari, yaani ugali. Karatasi zangu zote, za mwanzo na nilizochana, nilimletea kila Jumamosi, nikazitia kwenye kikapu cha kuwashia moto. Nkambo akafuata macho yangu, akacheka hadi akaweka sindano chini.

"Kumbe mwezi muzima ninapika bukari na Kihispania!"

Halafu akaacha kucheka. "Mwanangu, unaficha mwili, sasa huyu Yaya atakupima nini? Eko anapima picha."

Wazee walisema mficha uchi hazai. Methali hiyo niliijua tangu utoto, ila sikudhani inanihusu mimi na daftari langu safi. Nkambo akapekua kikapu, akatoa karatasi moja iliyokunjamana, yenye doa la makaa. Nilipotaka kuinyoosha alinipiga kibao kidogo cha mkono.

"Acha vile. Jumatano upeleke hii."

Niliipeleka. Yaya Clarisse aliisoma yote, akainua uso.

"Njo wewe huyu, wewe mwenyewe? Karibu! Tangu zamani nilikuwa ninasahihisha kitabu."

Siku hiyo karatasi yangu ilikuwa nyekundu kuliko ya Trésor, na Trésor akapiga makofi. Wiki mbili zilizobaki tulifumua na kushona. Kwenye mtihani nilisimulia mtaa wetu, nkambo na cherehani yake, kwa makosa saba. Niliyahesabu, ugonjwa wangu haujapona wote. Nilipita, si kwa kishindo, lakini nilipita, na Baba hakutaja depo tena.

Leo mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti cha Yaya Clarisse. Juma lililopita nilikuona wewe, mgeni wa mwaka wa kwanza, mstari wa nyuma, umefunika daftari kwa kiwiko. Naujua mkao huo, niliuvumbua mimi. Kwa hiyo nakusihi: usituletee nguo iliyopigwa pasi. Tuletee iliyo na mkono mmoja, tukupime. Na usiwashe moto kwa karatasi zako kabla mtu hajazisoma.

Barua hii nimeiandika mara moja tu. Mistari miwili niliyoikata kwa kalamu nimeiacha uione, ingawa imeniuma kuiacha. Mungu aulinde mkono wako unapokosea na ulimi wako unapojikwaa, akupe watu wa kucheka nawe hadi ufike mwisho. Jumatano nakungoja. Njoo na karatasi yenye doa.